Jirani Kupe

Kitasa cha mlango wa uani kililia kwi, kikanyamaza. Bibi alikuwa macho tayari. Akajilaza chali na kuinua uso, kama mtu anayengoja manyunyu.

Ndivyo alivyofanya kila alfajiri kwa miezi miwili, tangu alipopasuliwa mtoto wa jicho. Jirani wa nyuma huingia kwa hatua za paka, hunawa mikono kwenye beseni, humtia tone moja kila jicho, kisha huenda zake wodini kabla jua halijachomoza. Jioni huja tena. Mikono ya bibi ilitetemeka, hakuweza kujitia dawa mwenyewe. Mwanawe alijaribu siku moja, akamwogesha mashavu. Ndipo jirani huyo, msaidizi wa wauguzi anayesomea ukunga, aliposema, "Niachieni mimi," na tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Dada Matone.

"Fumba macho, Bibi. Usiyakaze."

Kwa kawaida hapo humtania: haya, mrembo, leo anakuposa nani? Leo hakutania. Alimpangusa kwa pamba, akaweka chupa ya dawa mezani, na kando ya chupa bibi akasikia kitu kikigonga mbao. Ulikuwa ufunguo wa uani.

"Kuanzia leo jioni mkweo atakutia dawa, Bibi. Ana mikono mitulivu."

"Kwani unahama?"

"Sihami. Ila kupe hapewi ufunguo wa nyumba za watu."

"Kupe gani tena, mwanangu?"

Dada Matone alitoa simu, akaisogeza karibu na uso wa bibi. "Hii ni orodha ya mitandao iliyo karibu. Huu wa juu ni wa kwenu. Soma mwenyewe, macho si yamepona?"

Bibi alisoma polepole, herufi kwa herufi, maana zote zilikuwa kubwa: JIRANI KUPE TUNAKUJUA.

"Jana nilifungua kompyuta nisome somo langu, neno la siri likakataa," alisema Dada Matone. "Nikadhani nimekosea herufi. Ndipo nikaona jina. Bibi, jina hili linaonekana mtaa mzima. Mngenigongea tu mkasema basi, ningeacha."

Akaondoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kama kila siku, asiwaamshe waliolala. Wema huo mdogo ndio uliomchoma bibi kuliko maneno yote.

Bibi hakungoja chai. Alishika mkongojo wake, akaenda kuugonga mlango wa mwanawe.

"Amka! Amka, wewe mwandishi wa matusi!"

Mwanawe alitoka na shuka begani. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na kazi yake yote aliifanyia hapohapo sebuleni. Mkewe alitokea nyuma yake, akijifunga kitambaa kichwani.

"Mama, kulikoni?"

"Kupe ni nani?"

Mwana akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari.

"Sikumtaja mtu, Mama. Ni onyo tu. Tangu Jumatatu intaneti inatambaa. Natuma ramani moja, saa nzima haijafika. Nikaingia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, nikahesabu mashine zilizounganishwa. Zetu ni tatu: yangu, ya mke wangu na ya mtoto. Nikakuta ya nne. Kuna mtu anatunyonya! Nikabadilisha neno la siri, nikampachika na jina, ajijue."

"Ya nne ni ya Dada Matone. Neno la siri nilimpa mimi."

"Wewe? Mama, neno la siri ni siri!"

"Siri anapewa unayemwamini. Kama hukutaka apewe mtu, ungeliita neno la uchoyo."

"Ungeniambia basi."

"Nilikuambia! Umekaa palepale, masikio umeyaziba kwa vile vidude vyako. Nikasema, nimempa jirani lile neno, asomee. Ukasema, mhm."

"Alisema mara mbili," mkwe akaongeza. "Mimi nilikuwepo."

Mara mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aproni kiunoni, kitana bado mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kwa heshima zote. Kupe ni mimi?"

"Marahaba. Si wewe, baba."

"Maana jana mteja kanisomea, watu wote wakaangua kicheko, wananitazama mimi, jirani wa kwanza! Mimi simu yangu ni ya kubonyeza, Bibi. Intaneti yenyewe hata sijui inashikwa wapi. Ninyonye nini?"

"Samahani, ndugu yangu," mwana akasema kwa sauti ya chini. "Hukukusudiwa wewe."

"Sasa nani? Fundi viatu naye hakulala!"

Kinyozi alipokwenda, bibi alikaa kwenye kiti na kuuweka mkongojo magotini. Alikuwa amefura kwa hasira, lakini kichwani hesabu zilikuwa zinakwenda.

"Dada Matone anatumia mtandao huu mwezi wa pili sasa. Mwezi uliopita ulitambaa?"

"Hapana."

"Wiki iliyopita?"

"Hapana, Mama. Ni tangu Jumatatu."

"Na Jumatatu ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilihamisha ruta tu. Pale juu ya rafu ilikuwa inaingia vumbi, na mijusi inaifanya kitanda. Nikaitia ndani ya kabati la korido, nikafunga."

"Kabati lile la chuma?"

"Ndiyo, ni salama zaidi."

Bibi aliinuka na mkongojo wake. Alikwenda chumbani, akarudi na redio yake ndogo ikisoma habari za asubuhi. Akadai ufunguo wa kabati, akaitia redio katikati ya masufuria, akaufunga mlango. Msomaji wa habari alikoroma, akakwaruza, akapotea kabisa. Bibi akafungua: msomaji akarudi, akiendelea na habari zake kama hakuna lililomkuta.

"Redio haisemi ndani ya chuma," bibi alisema. "Hilo nalijua tangu ujana wangu, na sina cheti hata kimoja. Umejifungia mtandao wako mwenyewe kabatini, ukabaki kupenya kidogo kwenye nyufa, halafu ukamtukana mtoto wa watu."

Mwana aliirudisha ruta juu ya rafu, nyaya zikining'inia. Mkwe akafungua kompyuta yake. Ukurasa aliokuwa akiungoja tangu jana ulifunguka kabla hajakunja mkono wa gauni.

"Haya," mwana akasema, akikuna kisogo. "Nitarudisha neno la siri la zamani, na jina la zamani."

"Neno rudisha. Jina bado. Tusi uliliandika kwa herufi kubwa mtaa mzima usome. Na radhi iombe kwa herufi hizohizo."

"Mama, wateja wangu huja hapa, wataona."

"Wameshaona kupe. Andika!"

Akaandika, bibi akisimamia juu ya bega lake: SAMAHANI JIRANI TUMEKOSEA.

"Tumekosea, nani na nani? Mimi nilikosea wapi? Mkeo alikosea wapi? Andika NIMEKOSEA."

Akafuta, akaandika upya.

Jioni, zamu ya Dada Matone ilipokwisha, bibi alitia chupa ya dawa na ule ufunguo mfukoni, akatoka kwa mlango wa uani. Mwanawe alimfuata nyuma. Ilikuwa hatua thelathini tu, na njia nzima bibi alijiuliza kwa nini hakuwahi kuzitembea.

Dada Matone alifungua, akawatazama, akasogea kuwapisha. Kilikuwa chumba kimoja: kitanda, jiko dogo, nguo za kazi msumarini. Pembeni, chini ya dirisha linalotazama nyumba ya bibi, palikuwa na ndoo iliyopinduliwa, na juu yake kompyuta. Mbele ya ndoo, sakafuni, khanga iliyokunjwa mara nne.

"Hapo ndipo unaposomea? Sakafuni?"

"Ndipo mtandao wenu unapofika, Bibi. Kitandani haufiki."

Mwana aliitazama ile ndoo. "Dada, nimekukosea," alisema. "Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Ulipaswa."

"Jina nimelibadilisha."

"Nimeliona. Na kinyozi kaliona, kanisimamisha njiani." Hakutabasamu. "Nimekusikia, kaka. Lakini bado inauma."

"Iume," bibi akasema. "Mwache akasirike mpaka achoke, wewe nenda nyumbani." Mwana akaenda. Bibi akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa chupa. "Mimi nimeleta macho yangu tu."

Dada Matone alinawa mikono, akamshika kidevu. "Usiyakaze." Tone, tone. "Unajua, Bibi, nimekuja kwako mara mbili kila siku, siku zote hizi. Wewe hapa ni mara ya kwanza."

"Basi kupe mwenyewe tumempata," bibi alisema, macho amefumba.

Dada Matone alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka pamba ikamdondoka. Bibi alipomnyooshea ufunguo, aliurudisha kiganjani mwake na kukikunja.

"Huo kaa nao kwanza. Alfajiri nitabisha hodi mlango wa mbele kama wageni wengine. Lakini dawa ya jioni nitakutia hapa. Nitatafuta kiti cha kukukalisha." Akampangusa shavu. "Uje tena, Bibi. Kesho uje tena."