Ubao Wenye Matundu

Tusidanganyane: seremala anayemaliza meza ya watu wanane kwa siku tatu hana sababu ya kukaa wiki tano na kibao cha urefu wa mkono. Labda awe na lake jambo. Na huyu alikuwa nalo.

Mkewe alikuwa mhazili kwa miaka ishirini na sita, na ofisini walimwita Bi Taipu, maana vidole vyake vilikuwa havishikiki. Alichapa barua huku anamtazama mtu usoni na kumtania. Kisha yakaja maradhi ya kutetemeka. Yalianza na kidole gumba, yakapanda mkono, yakafika kichwani, na mwaka huu yakamchukua na sauti. Akitaka kusema, kinachotoka ni pumzi tu. Ukimwuliza jambo kichwa kinatikisika, lakini kinatikisika hata usipomwuliza, kwa hiyo ndiyo yake na hapana yake zikawa kitu kimoja. Kila mtu akawa anajichukulia jibu analolipenda.

Binti yao, muuguzi katika mji ulio safari ya saa sita, alimletea simu yenye kioo kipana ili aandike. Wapi! Kioo cha simu hakina subira. Kidole kikipapasa tu, tayari kimeshaandika, na kidole cha Bi Taipu kilikuwa kinapapasa kila kitu. Akitafuta herufi moja anapata kumi na tano. Wakajaribu kibodi ya kompyuta, ikawa afadhali kidogo, ila bado kila kitufe kilikuja na majirani zake. Siku hiyo mama wa watu alilia, na seremala akatoka nje kujifanya anatafuta nyundo.

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili ndiye aliyemfumbua macho. Alimweleza kwamba dawa yake ni ubao unaokaa juu ya kibodi, wenye tundu juu ya kila kitufe. Mkono unauegemea ubao bila kuandika kitu, mpaka kidole kiingie tunduni. Herufi zilipo mkeo anapajua hata akifumba macho, alisema fundi, kinachomshinda ni kufika. Seremala akaona hiyo ni kazi ya nusu siku.

Ubao wa kwanza aliuharibu, tena kwa ufundi wake mwenyewe. Alipima safu ya juu ya vitufe, akashika skwea, kile kipimo cha pembe, akayashusha matundu yote yakanyooka kama madirisha ya ghorofa. Alipouweka juu ya kibodi, safu ya juu ilikaa sawasawa, na zote za chini zikaangukia katikati ya kitufe na kitufe. Fundi wa kompyuta alicheka mpaka akashika meza. Vitufe havikupangwa wima, alimwambia. Kila safu imesogea pembeni kidogo tangu enzi za taipu, ili vyuma vya vitufe vya chini vipate njia ya kupita kati ya vile vya juu. Vyuma vimekwisha kitambo, mpangilio umebaki. Seremala, ambaye maisha yake yote amepigania pembe zilizonyooka, alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye. Dunia nzima inaandika kwa upogo, alilalamika, na hakuna aliyeona?

Ubao wa pili akaupima kitufe kwa kitufe. Ulikamilika Jumatano moja asubuhi. Aliuweka juu ya kibodi, akatumbukiza kidole chake kinene katika kila tundu, vitufe vyote vikaitikia. Ulikuwa mzuri, jamani. Akaufunga katika gunia, akausukuma nyuma ya makopo ya vanishi.

Kisa? Jumapili iliyotangulia binti alikuwa amepiga simu. Alitaka kumchukua mama akaishi naye karibu na hospitali, ambako kuna watu wa kumnyoosha viungo na kumfundisha kumeza bila kupaliwa. Alisema mama aulizwe mwenyewe. Seremala akajibu palepale kwamba mama hataki, na wala hakuwa amemwuliza. Aliogopa, basi. Miaka thelathini na minane wamelala chumba kimoja, na yeye asingeweza kumfuata, kwa kuwa binti alikuwa na chumba kimoja tu, na karakana ndiyo iliyonunua dawa. Ubao ukitoka, Bi Taipu angeweza kulitamka mwenyewe lile neno, na likishatamkwa halirudi.

Kwa hiyo akavuta muda. Mkewe akimtazama kwa macho ya kuuliza, alimwambia bado kidogo, matundu yana vibanzi vitamchoma. Kila asubuhi aliingia karakana, akachukua kipande chochote cha mbao na kukipiga msasa kwa nguvu, ili sauti ifike chumbani. Mtu mzima! Na haya aliziona, wala hazikumzuia.

Jumamosi moja binti akatokea bila taarifa, na gari la kukodi mlangoni. Alipomwona mama yake alivyokonda, aliweka mkoba chini akasema yeye na mama wanaondoka leo hii, saa kumi. Seremala akarudia wimbo wake, kwamba mama hataki.

"Amekwambia lini, Baba?"

Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa anamtazama yeye, kichwa kikitikisika vilevile kisomeke utakavyo. Mzee wa watu akashindwa kuendelea. Alitoka, akaenda karakana, akarudi na gunia.

Waliuweka ubao juu ya kibodi, kibodi juu ya mapaja ya mgonjwa. Binti akapiga magoti mbele yake.

"Mama, unataka kwenda au kubaki?"

Mkono ulishuka, ukatetemeka juu ya mbao, ukaegemea. Kidole kikatafuta, kikazama. Herufi moja, moja tu, ikatokea kwenye skrini. Ikafuata nyingine. Neno lilipokamilika, binti akalisoma kwa sauti.

"Naenda."

Seremala alikaa ukingoni mwa kitanda. Lakini mkono haukuwa umemaliza. Binti alisoma maneno mawili ya mwanzo, akaona hayamhusu, akaenda kufungasha nguo. Seremala akasogea, akasoma mwenyewe.

Ubao ulikwisha lini

Angeweza kusema jana. Nani angejua?

"Wiki tatu zilizopita," alisema. "Niliuficha. Niliogopa utasema unaenda."

Bi Taipu akarudisha kidole tunduni. Ilichukua dakika nyingi, na seremala hakuondoa macho kwenye skrini.

Ningesema naenda. Na mengine yote ningekwambia. Wiki tatu tungekuwa tunaongea

Hapo ndipo alipolia, waziwazi, mikono ikiwa imelala mapajani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Alifuta uso kwa kiganja, akaufunga mlango, akavuta kigoda mpaka akaketi mahali anapoiona skrini vizuri.

"Anza popote," alimwambia. "Nasoma."