Matimba ya Duara

Alama ya kiatu cha Violeth ilikuwa bado ipo asubuhi ile, katikati ya mstari wa majivu uliozunguka mdomo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Wachimbaji waliikwepa kama kinyesi cha fisi.

Violeth alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa migodi, mwaka wa tatu. Machimbo haya ya nje ya Kharumwa ndiyo yaliyokubali kumpokea kwa mafunzo ya vitendo, baada ya kampuni kubwa kumpiga chenga. Sharti lilikuwa moja: mwanamke asivuke majivu ya mganga, dhahabu isije ikakimbia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akainama.

Lakini jana, baada ya mvua, aliona ufa ukitambaa kuelekea mdomo wa duara, na watu wako chini. Akavuka. Akatikisa kamba ya dharura mpaka wote wakatoka. Walikaa wakingoja hadi jua likazama, na duara halikudondosha hata kokoto.

"Shikamoo, baba," alimwamkia Edward, msimamizi wa machimbo.

Edward hakuitikia. Sahihi yake ndiyo ingemrudisha Violeth chuoni salama.

"Leo wanashuka," alisema bila kupandisha sauti. "Likianguka, ulikuwa sahihi, nitakupa alama zote. Lisipoanguka, nitawaandikia walimu wako kwamba unatia watu hofu bure. Huo mwaka utaurudia."

Wakashuka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Nkwabi, akikaza tochi yake kichwani.

"Tuombee, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kisha giza likammeza.

Violeth aliketi juu ya kifusi, akatega sikio. Kila ndoo ilipogonga ukuta, aliinua kichwa. Alikaa hivyo kitambo, mpaka alipogundua jambo: hakuwa akiiogopa ngurumo ya duara kuporomoka. Alikuwa akiingoja. Mle ndani yake kulikuwa na mtu aliyetaka Nkwabi afukiwe ili yeye afaulu. Aliona haya, haya ya mtu aliyejifumania mwenyewe.

Nyuma yake lilikuwapo rundo la magogo, matimba ya kushikilia kuta za duara jipya ambalo halijaanza kuchimbwa. Alisimama, akajitwika gogo moja begani, akalitua kando ya majivu. Hakuvuka.

"Unafanya nini?" aliuliza Edward.

"Wakiyasimamisha chini ya ule ufa, ukuta utashika."

Edward alimtazama. "Ukishika, wewe ndiye unayepoteza. Unalijua hilo?"

"Nalijua, baba."

Msimamizi akautazama ufa, akayatazama magogo, kisha akamwashiria mshika kamba ayateremshe.

Violeth alibeba mchana kutwa. Bega lilimchubuka, blauzi ikamganda kwenye kidonda, naye hakupumzika ila kunywa maji. Kutoka chini ilisikika nyundo ya Nkwabi ikigongomea, ikinyamaza, ikianza tena. Kila iliponyamaza Violeth alisimama na gogo lake begani, asithubutu kupiga hatua mpaka aisikie tena.

Jioni walitoka wote, weupe kwa vumbi. Nkwabi alipofika kwenye ile alama ya kiatu alisita kidogo, kisha akaipita bila kuikanyaga.

Edward alichomoa kalamu mfukoni.

"Umeona? Halikuanguka."

"Nimeona," alisema Violeth. Hakuwa akimtazama. Alikuwa akiwatazama wanaume kwenye pipa, wakigombea maji ya kunawa.