GB Nne za Hodan

Mimi sikuiba RAM ya mtu. Naanza na hiyo ndio tuelewane.

Juzi nilitoka kwetu Rodi Kopany nikafika Masara na RAM mpya, ile kumbukumbu ya kompyuta, ya GB nne, nimeifunga kwa karatasi. Hodan, mwenye saiba pale karibu na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alitaka niiongeze kwa kompyuta yake. Ilikuwa na nne, naweka nne, inakuwa nane. Kitu rahisi. Nikatoa ile ya zamani, nikaenda kuomba brashi nipanguse vumbi, nikarudi nikaweka zote mbili, nikafunga, nikaenda. Hata sikungoja iwake. Hiyo ni makosa yangu, nakubali.

Kesho yake asubuhi narudi, napata Hodan amesimama mlangoni.

"Levi, kuja usome hapa."

Skrini inasema zimewekwa 8, zinazotumika 3.9.

"Si ni zile zile za zamani?" akasema. "Walahi, nilikuamini. Nne zangu ziko wapi?"

Kwa benchi alikuwa amekaa Mzee Maroa, jirani yake, ananunua dhahabu. Akacheka. "Hawa watoto wa kompyuta ni kama wachimbaji. Anakuonyesha jiwe, anakuuzia mchanga. Nimeshamwambia Phelesia wa chai, huyo ni jakuo."

Jakuo ni mwizi. Na kwa Phelesia ndio Masara yote inakunywa chai. Mimi nataka kuweka meza yangu ya kutengeneza simu na kompyuta hapa hapa, nimemaliza shule, sirudi Rodi kukaa. Nani ataniletea kitu yake nikiwa jakuo?

"Nakupatia mpaka adhuhuri," Hodan akasema. "Nikienda kuswali bado ni hivi, beba mfuko wako na nisikuone tena."

"Sitoki hapa bila nane," nikamwambia.

Nikavuta kiti. Kwanza nikaangalia Windows. Ile ya biti 32 haiwezi kutumia kupita nne hata uiwekee mia. Lakini hii ilikuwa ya 64. Hapo hakuna kesi. Nikaingia kwa mipangilio ya kuwaka, kuna mahali mtu anaweza kuweka alama kompyuta isitumie kumbukumbu yote. Hakuna alama.

"Imekushinda," Maroa akasema.

"Bado, mzee."

Nikazima, nikafungua kifuniko. Nikatoa zote mbili, nikarudisha ile mpya peke yake. Ikawaka vizuri, inasoma nne. Hodan akainama kuangalia.

"Kwa hivyo yako si feki?"

"Si feki, dada. Ngoja."

Nikatoa hiyo, nikaweka ile ya zamani mahali pale pale. Kompyuta ikalia, pii, pii, pii, skrini nyeusi. Hiyo RAM ilikuwa inafanya kazi miaka yote, sasa imegonjeka siku moja?

Nikaitoa nikaipeleka kwa mwanga wa mlango. Unajua RAM huwa na meno ya dhahabu pale chini, ndio inashikana na kompyuta. Meno matatu ya pembeni yalikuwa yamekwaruzwa, yamekuwa meusi. Na huo mkwaruzo kila mtu Masara anaujua, ni wa jiwe la wanunuzi la kupimia dhahabu.

"Mzee Maroa," nikasema polepole. "Jana nikienda kuomba brashi ya vumbi, hii RAM niliacha kwa meza. Nani alibaki hapa?"

Maroa akaangalia chai yake.

"Maroa?" Hodan akageuka.

"Nilisugua tu kidogo kwa jiwe," akasema. "Si iling'aa? Kitu ikiniangalia hivyo, mkono yangu inaenda yenyewe."

"Na dawa ya kupima, ile asidi, uliweka?" nikauliza.

"Tone moja." Akakohoa. "Na ni dhahabu kweli! Lakini nyembamba, haijai jicho la sisimizi."

Hodan alijaribu kukasirika, kicheko ikamshinda.

Mimi sikucheka, jua lilikuwa linapanda. Nikachukua raba ya kufuta penseli, nikasugua meno moja moja mpaka weusi ukatoka, nikapangusa na spiriti. Nikapuliza vumbi kwa ile nafasi yake. Nikasukuma RAM zote mbili mpaka zikalia kach, kach. Nikawasha.

Zimewekwa 8, zinazotumika 7.9.

"Alhamdulillahi," Hodan akasema.

"Na hiyo nukta moja?" Maroa akauliza haraka. "Nani amekula?"

"Kompyuta yenyewe imeweka kando ya kuonyesha picha. Hata jiwe lako, mzee, ukisugua dhahabu ya watu si linabaki na kidogo?"

Hodan akanisukumia kikombe cha chai, nikakisukuma pembeni.

"Bado. Mzee, twende kwa Phelesia. Pale pale ulisema, ndio utasema tena."

"Kijana, si tumeshacheka yakaisha?"

"Kwake haijaisha."

Hodan ndiye alimwinua, kwa kumwangalia tu. Tukavuka barabara. Phelesia alikuwa anamimina, benchi zimejaa wachimbaji.

"Phelesia," Maroa akasema chini chini, "huyu si jakuo. Ni mimi niliharibu, yeye ametengeneza."

Mashine za mawe zilikuwa zinanguruma. Wa benchi ya nyuma hawakusikia.

"Rudia, mzee," nikasema. "Kwa sauti."

Akarudia, karibu apige kelele. Hapo ndio nikarudi kufunga kifuniko, skrubu zote nne.