Kuona na Kukisia

Meja Aminieli alipokabidhiwa kazi ya kuboresha mafunzo ya intelijensia katika chuo cha jeshi, kwanza aliwatoa maafisa darasani. Alikuwa amechoshwa na taarifa ambamo ubashiri umevalishwa sare ya ukweli. Akawapeleka mjini Arusha wakiwa na nguo za kiraia, kila mmoja atazame mtaa wake, kisha arudi aeleze akitenganisha alichokiona na alichokisia.

Luteni Silantoi alirudi kutoka Ngarenaro na habari za fundi cherehani mwenye kibanda jirani na gereji.

"Wateja wanamwita Tabea," alisema.

Meja akaacha kuandika. Tabea alikuwa mchumba wake enzi za ujana, binti wa jirani yao kule migombani, Akeri, na tangu hapo alikuwa mshonaji. Kazi ilimchukua Aminieli bila ruhusa ya kusema aendako wala atakaporudi. Safari ya mwisho aliporudi, alikuta Tabea amerudisha pete kwa mama yake Aminieli. Hakuwahi kuoa.

"Endelea."

"Anamsubiri mtu, afande. Kila bodaboda iliposimama, aliinua macho."

"Umeona au umekisia?"

"Macho nimeyaona. Kusubiri nimekisia."

"Vizuri," alisema Meja. Lakini moyo wake ulishika neno moja tu: anasubiri.

Jumamosi akashuka Ngarenaro. Tabea alimtambua kabla hajasalimu, mguu ukatulia kwenye kanyagio la cherehani.

"Aminieli. Umezeeka."

"Nimesikia unamsubiri mtu."

"Nasubiri zipu. Wa bodaboda kaniahidi tangu juzi." Akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. "Wewe nilikusubiri kweli. Mpaka mama yako mwenyewe akaniambia, mwanangu, nenda kaolewe."

"Hakuniambia."

"Nilimwomba asikwambie."

Aminieli akaketi kwenye benchi. Aliyoruhusiwa kuyasema yalikuwa machache: nchi aliyokuwa, mvua zake, jinsi alivyoota vilima vya Meru. Aliyasema yote. Tabea alisikiliza huku akipinda gauni la mteja.

"Ungeniambia hayo tu wakati ule," alisema taratibu, "ningesubiri. Sasa nina mume, Aminieli, na ni mtu mwema."

Aminieli akaaga, akaondoka.

Katika mtaala mpya Meja aliongeza somo moja: afisa awaeleze nini watu wa nyumbani kwake bila kuvunja siri. Wakubwa waliuliza linahusianaje na intelijensia. Akalitetea mpaka likapita. Alilifundisha mwenyewe. Alipofika kwenye neno "mchumba" aligeukia dirisha la upande wa mlima, na maafisa wakangoja.