Paa la Virginie

Gari la Donatien lilikuwa limebaki nyuma ya vita kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Askari waliliacha, Mzungu mmoja wa Ibanda akalitumia mpaka akalichoka, na Donatien, aliyekuwa dereva wake, akalinunua. Injini ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa juu. Badala ya paa lilikuwa na turubai, na kishikizo cha turubai upande wa abiria kilikuwa kimevunjika. Mvua ilipowakuta njiani kutoka soko la Mugogo, mke wake Emérence aliinua mkono akaishika ile kona mpaka Bukavu. Mkono ulikufa ganzi, maji yakamtiririka kwapani. Wanawake wa Nyawera walimwita Maman Turubai. Aliwakunjia uso, lakini moyoni jina hilo lilimkaa vizuri. Ni mke gani mwingine mjini ambaye bila mkono wake gari la mumewe halifiki?

Ndipo Donatien akasikia habari za paa la chuma. Lilikuwa Kadutu, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya Virginie, mjane wa Grégoire. Marehemu alikuwa na gari la aina ileile. Lilikufa kabla yake, likabaki limekalia matofali, kuku wakitaga ndani.

Donatien alikwenda baada ya misa, akarudi jioni akinuka kasiksi.

“Tumepatana,” alisema.

“Mulikunywa?”

“Nani ananunua kitu bila kunywa? Pombe ya ndizi ndiyo inafunga maneno.”

“Murija mumoja ao mbili?”

Donatien alivua viatu polepole. “Maman Yolande, mutungi ulikuwa mumoja.”

“Sikuuliza mutungi.”

Binti yao Yolande alikuwa amelala, basi maneno yakaishia hapo. Lakini Emérence alikaa akiuona ule mrija, ukitoka kinywa kimoja na kuingia kingine. Asubuhi akapata na sehemu iliyobaki ya mapatano. Virginie hakutaka bei kubwa. Alitaka kitu kimoja tu: siku za soko apande mbele, chini ya paa la mume wake, na chumvi na sabuni zake za kuuza ziwekwe nyuma.

“Na mimi?” Emérence aliuliza.

“Utakaa nyuma, juu ya mikungu ya ndizi. Kule iko hewa muzuri.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga mizigo, na hilo ndilo lililouma.

Siku ya kulifunga, wanaume wanne walilibeba paa mabegani juu ya miti, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Virginie alilifuata nyuma, kitambaa kichwani, mikono ameikunja, na watu wa njiani walimpisha kwa heshima. Hata kutembea anajua, Emérence aliwaza. Virginie alikuwa na kitenge kipya na viatu vyenye kisigino. Nani anavaa kisigino kwenda kwa fundi?

Philémon, fundi wa mabati, aliliweka paa juu ya gari, akazunguka, akarudi nyuma, akafunga jicho moja. Upande wa kulia lilikuwa limeinuka.

“Springi za kulia zimechoka,” alisema. “Gari tupu linadanganya. Nikitoboa sasa, mukipanda tu matundu yataachana. Papa Donatien, ingia. Na ule anakaa pembeni yako kila siku, naye aingie.”

Emérence alikuwa ameshika kopo la bolti. Alitazama chini, akangoja mumewe amwite. Donatien alikuwa anahangaika na mlango. Wakati Emérence anainua macho, Virginie alikwishapandisha kitenge kidogo, akaingia, akakaa.

“Muzuri,” Philémon alisema. “Sasa limelala vizuri.”

Alitoboa. Akabana vipande vya mpira wa tairi katikati ya paa na kioo ili maji yasipite. Kisha akanyoosha mkono, na Emérence akawa anampa bolti moja moja. Walipofika kona ya kulia, ile kona aliyoishika miaka yote, vidole vyake viliteleza ndani ya kitenge na kufunga fundo, pale wanawake wanapofungia senti.

“Bado moja,” Philémon alisema.

“Zimeisha.” Akamwonyesha kopo.

“Haiwezi kuwa. Nilizitia mafuta mimi mwenyewe, zote,” Virginie alisema kutoka ndani.

Wakatafuta kwenye majani. Emérence naye aliinama akatafuta, tena kuliko wote. Mwishoni Philémon aliikaza kona kwa waya. “Kwa leo itakaa,” alisema.

Siku ya soko Emérence alipanda nyuma. Paa lilikuwa na kidirisha kidogo cha nyuma, na njia nzima hadi Mugogo alikiangalia. Aliona shingo mbili. Hakusikia wanachosema, kwa hiyo alijisemea mwenyewe maneno yao, na kila neno lilikuwa tamu kuliko lililopita.

Wakati wa kurudi, akiwa juu ya ndizi, mvua ilishuka. Waya ukakatika. Kona ikaanza kupiga, pa, pa, pa, na maji yakamwagika juu ya Virginie. Emérence alitabasamu, gunia kichwani. Halafu aliona mkono wa Virginie ukiinuka taratibu na kuishika ile kona. Akamsikia Donatien akicheka, kicheko kile alichokuwa anakijua.

“Shika hapohapo, maman. Usiachilie mpaka Bukavu.”

Tabasamu likamkauka. Kiti walikuwa wamekichukua wao. Kazi ya mkono alikuwa ameitoa yeye mwenyewe.

Akapiga paa kwa kiganja mpaka gari likasimama. Alishuka kwenye matope, akaenda upande wa kulia, akafungua fundo mbele yao.

Donatien aliiangalia bolti. “Ilikuwa wapi?”

“Iliangukia mu nguo yangu.”

“Ikajifunga fundo yenyewe?”

“Papa Donatien, lete ufunguo wa kukazia,” Virginie alisema, mkono wake bado juu. “Maneno ya fundo tuachie wanawake.”

Emérence akaanza kukaza. Maji yalimwingia machoni. Virginie aliinama, akasema kwa sauti ya chini: “Grégoire alikufa na sijakaa mbele hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya mihogo. Mbele alikaa mwingine. Nilikuwa ninamuona kwa kidirisha kile. Niliomba kiti, dada. Sikuomba bwana wako.”

Emérence alitaka kumhurumia, na huruma ikaja, ila haikuja peke yake. Aliukumbuka mrija.

“Sogea,” alisema.

Virginie hakusogea kwa dereva. Alishuka kwenye mvua na visigino vyake, akampisha apite kwanza. Emérence akakaa katikati, magoti yamebana mti wa gia, bega moja kwa mumewe. Virginie akarudi pembeni, mlango ukafungwa kwa shida.

Gari likaondoka. Kona haikupiga tena, wala tone halikuingia. Kwa mazoea mkono wa Emérence uliinuka kuitafuta, ukakuta mkono wa Virginie umetangulia pale, umeishika bila sababu.

“Shusha,” Emérence alisema. “Imekaza.”