Kozi Moja ya Chanelle

Fadhila alikuwa na karatasi yake ya alama. Chanelle hakuwa nayo. Ugomvi wao ulianzia hapo, ingawa wenyewe walikuwa bado hawajui.

Wote wawili ni wa Bujumbura, Fadhila mtoto wa Buyenzi, Chanelle wa Carama, lakini walijuana Bukavu walikokwenda kusoma. Walipanga chumba kimoja, wakapikia sufuria moja, wakasoma miaka miwili darasa moja. Vita vilipoukaribia mji, Fadhila alikuwa ameshachukua karatasi yake chuoni. Chanelle alisema yeye angechukua wiki inayofuata. Wiki hiyo chuo kilikuwa kimefungwa, na wao walikuwa wamebanana juu ya lori la kwenda Uvira, wakirudi kwao.

Kule Kigobe, mtaa mwingine wa Bujumbura, chuo kimoja cha binafsi kilikubali kuwaingiza mwaka wa tatu wanafunzi waliorudi, mradi krediti zao zithibitishwe. Asiye na karatasi alete mwenzake mwenye karatasi, amshuhudie kozi kwa kozi mbele ya mkuu wa idara.

Shida ilikuwa antropolojia. Siku ya mtihani Chanelle alikuwa hospitalini na mama mwenye nyumba wao, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Chuo kilimwahidi mtihani mwingine, vita vikawahi kabla yake. Na kozi yenyewe aliijua kuliko wote. Ni yeye aliyekuwa akimwaga maharagwe sakafuni, huyu baba mkubwa, huyu shangazi, hawa watoto wao, akayasogezasogeza mpaka Fadhila akaelewa ukoo unavyojengwa.

"We sema tu tulifanya ekzame wote," Chanelle alimwambia. "Mutu gani atarudi Bukavu kuuliza?"

"Na akinibana?"

"Atakubana nini? We si unajua mi naijua hiyo kozi?"

Fadhila alikubali, tena kwa moyo wote. Lakini nyumbani chakula kilimshinda, na mama yake, Bi Mwantum, akamtoa maneno.

"Kushuhudia?" mama alisema, mikono bado ndani ya ungo wa mchele. "Hilo neno zito, binti yangu. Unamuweka Mungu katikati." Hakumkataza. Aliendelea kuchambua mchele wake, na Fadhila akatamani angemkataza.

Mkuu wa idara, Mwalimu Marcellin, hakumbana hata kidogo. Hilo ndilo lililomvuruga. Alikuwa mzee mpole, mwenye koti lililomzidi mabega. Alimwacha Chanelle akae nje kwenye benchi, akamkaribisha Fadhila, akasoma kozi moja moja. Fadhila akajibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Antropolojia. Aliifanya ekzame?"

Neno ndiyo lilikuwa mdomoni. Mwalimu alishaigusisha kalamu yake kwenye karatasi, akimngoja tu. "Mi nakuamini, binti," alisema. "Ukisema ndiyo, nasaini, imekwisha."

Fadhila aliutazama mkono ule. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema hapana, akaeleza habari ya hospitali. Badala yake akajisikia akisema, "Sikumbuki, Mwalimu."

Kalamu ikarudi mezani.

"Hukumbuki? Mlikuwa mnakaa pamoja."

"Sikumbuki."

Mwalimu alivua miwani, akamtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu aliyegundua kwamba kiti alichokalia ni kibovu. Kisha akaikata kozi ile kwa mstari.

Nje, Chanelle alisimama mara tu mlango ulipofunguka. Fadhila akamweleza. Alitegemea kelele, hata kofi. Chanelle aliongea taratibu.

"Bora ungesema apana."

"Niliogopa kusema uongo, Chanelle. Na niliogopa kukuangusha."

"Ungesema apana, mi ningeingia nimuelezee. Nilikuwa hospitali, nilipewa tarehe ingine. Sasa nitaelezea nini? Ataona mi ndio nilikutuma uongo, na we ukashindwa." Akachukua mkoba wake. "Na ni kweli nilikutuma. Ila ungechagua moja."

Fadhila hakungoja hata afute machozi yaliyokuwa yamemtoka. Alirudi ndani bila kubisha, akasema yote: bafu, nyonga, tarehe iliyoahidiwa, na makubaliano yao. Mwalimu Marcellin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dakika chache zilizopita hukukumbuka," alisema. "Sasa umekumbuka mpaka bafu. Mimi niamini mdomo upi?"

"Huu, Mwalimu. Muulize kozi yenyewe, atakujibu yote!"

"Pengine. Lakini ushahidi wako nimekwisha kuuandika, na siwezi kuuandika mara mbili." Aliifunga faili, na ilionekana haikumfurahisha.

Fadhila akaingia mwaka wa tatu. Chanelle, kwa kukosa kozi ile moja, akawekwa mwaka wa pili. Fadhila alimpelekea madaftari yake ya antropolojia mpaka Carama, akiwa amepanga maneno njia nzima. Chanelle aliyapokea mlangoni, akayageuza, akamrudishia.

"Hiyo kozi mi naijua kukushinda," alisema.

"Najua."

"Basi unayaleta ya nini huku?"

Fadhila akayakumbatia madaftari yake, akarudi Buyenzi.

Masomo yalipoanza walikutana kwenye ngazi za chuo. Chanelle alikuwa na wenzake wa mwaka wa pili, wadogo kwake, waliokuwa wakimsikiliza akieleza jambo fulani. Alimwona Fadhila, akasimama, akampa mkono vizuri.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Umusalimie sana."

Kisha akawageukia wale wadogo na kuendelea pale alipoachia, sauti yake ileile, nao wakapanda pamoja. Fadhila alibaki ameshika ukuta wa ngazi, akiwapisha wengine.