Vigingi vya Gathii

Asubuhi ile ya Machi Nyaruai alikuwa akikoroga uji aliposikia vigingi viking'olewa. Alitoka mbio, mwiko mkononi. Mume wake, Gathii, alikuwa amesimama katikati ya duara la mawe, nyundo yake ya kupondea kokoto begani, na majirani wamemzunguka.

Duara hilo lilikuwa nyuma ya shamba walilokodi karibu na mji wa Moi's Bridge. Mawe kumi na moja, yaliyosimamishwa zamani na watu ambao hakuna aliyewajua. Gathii alikuwa akiponda mawe tangu ujana wake katika mtaa wa Kipsongo, lakini haya hakuyagusa. Miaka mitatu aliamka kuangalia jua linachomoza wapi. Mwezi wa Machi lilipita katikati ya mawe mawili makubwa ya mashariki, na mvua ya kupanda haikukawia. Ili asipoteze mstari, alipigilia vigingi, akavipaka rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka mlango wa banda la kuku.

Hakukumbuka kwamba wapima ardhi hutumia rangi hiyo. Mwaka uliotangulia, familia sita ng'ambo ya mto zilifukuzwa wiki moja tu baada ya kuona vigingi vyekundu.

Nyongesa, jirani aliyekula Krismasi kwao, alitangulia kuuliza.

"Mzee, hii vigingi ni ya nani?"

"Ni ya jua."

Watu walicheka. "Ati jua? Siku hizi jua inanunua shamba?"

"Ngojeni kidogo," Gathii alisema. "Itatokea hapo tu. Mtaona."

Walingoja. Wingu lilikuwa limeziba mashariki yote.

Kigingi cha kwanza kilimpata mdomoni. Cha pili kiliuvunja mkono aliokuwa akionyeshea. Alipoanguka, mtu aliokota nyundo. Nyaruai, akiwa ameshikwa mikono, alisikia mlio aliouzoea, wa chuma juu ya jiwe, kisha mwingine ambao haukuwa wa jiwe.

Wingu lilipasuka baadaye. Jua lilipita kati ya yale mawe mawili, likafuata mashimo ya vigingi hadi kwenye viatu vya Gathii. Nyongesa alikiweka kigingi chake chini, polepole, kama mtu anayeweka yai.

Hakuna aliyeshtakiwa. Mawe tisa yalivunjwa na waliotafuta dhahabu chini yake. Yale mawili ya mashariki yaliwashinda kwa uzito. Nyaruai bado amekodi shamba lile, na anaponda kokoto kando ya barabara ya Kitale, kwa nyundo ileile.

Kila Machi, Nyongesa hapandi mahindi mpaka aone Nyaruai amepanda.